Barafu ya bahari Aktiki inayeyushwa na nini hasa: hewa, maji au jua?

Swali: Shikamoo dokta. Nafundisha jiografia sekondari na wanafunzi wamenibana. Tunasema dunia imepanda joto digrii moja na kitu tu, na kule Ncha ya Kaskazini hata katikati ya majira ya joto kipimajoto hakiachani na sifuri, sasa barafu ya bahari inaishaje? Ni hewa, maji, au jua? Alafu mwalimu mwenzangu anasema tangu 2012 hakuna rekodi mpya kwa hiyo mambo yashatulia. Na Antaktika je?

Jibu: Marahaba mwalimu, na wape hongera hao wanafunzi maana wamegusa penyewe.

Tuanze na hicho kipimajoto. Chukua sufuria, weka vipande vya barafu na maji kidogo, bandika kwenye moto mdogo, chovya kipimajoto huku unakoroga. Utaona barafu inapungua tu lakini kipimajoto kinang'ang'ania sifuri mpaka kipande cha mwisho kiishe, kwa sababu joto lote unaloingiza linatumika kuyeyusha, halibaki la kupandisha digrii. Ndo kinachotokea juu ya Bahari ya Aktiki Juni na Julai, hewa inakaa sifuri au digrii moja hivi siku nyingi, mwaka wenye barafu nyingi na mwaka wenye barafu kidogo namba zinafanana. Kwa hiyo ukitaka kujua kinachoendelea usiangalie digrii, hesabu nishati iliyoingia.

Na hesabu yenyewe sio ngumu, ifanye ubaoni. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334, mita moja ya ujazo ya barafu ina uzito wa kama kilo 917, kwa hiyo kuyeyusha unene wa mita moja unahitaji karibu megajuli 306 kwa kila mita ya mraba. Sasa chukua wati moja ya ziada, moja tu kwa mita ya mraba, iache mwaka mzima: inakupa kama megajuli 31, yani sentimita 10 za barafu. Kwa barafu ya bahari ambayo kwa kawaida ina unene wa mita moja mpaka tatu, sentimita 10 kila mwaka sio mchezo. Hapo ndo unaona kwa nini hiyo "digrii moja na kitu" inadanganya macho.

Haya, nishati inatoka wapi. Kubwa kuliko zote wakati wa kiangazi ni jua, na watu wengi hawaamini nikiwaambia kwamba karibu na tarehe 21 Juni Ncha ya Kaskazini inapokea nishati nyingi zaidi ya jua kwa siku moja kuliko ikweta, ukipima juu kabisa ya anga, maana kule jua halizami saa 24. Kinachoiokoa barafu ni weupe wake. Barafu yenye theluji safi inarudisha juu asilimia 80 hadi 90 ya mwanga, barafu tupu kama 50 mpaka 70, bahari iliyo wazi inarudisha kama 6 au 7 basi, inayobaki yote inamezwa. Tuseme zinafika chini wati 250 kwa mita ya mraba, theluji inameza kama 50, maji yanameza 230 na zaidi, tofauti ya wati 180 ikienda yote kwenye kuyeyusha ni sentimita 5 kwa siku. Haiendi yote kihivyo kwenye uhalisia, nyingine inapasha tu maji, lakini unaipata picha.

Na barafu haisubiri ipasuke ndo ianze kupoteza weupe. Mwezi Mei kuishia, theluji ya juu inalowa, maji yake yanajikusanya kwenye mabonde madogo na kufanya vidimbwi vya rangi ya samawati juu ya barafu yenyewe. Kidimbwi ni cheusi kuliko theluji iliyo pembeni, kinameza mwanga, kinachimba chini na kujitanua, na maji ya kidimbwi ni matamu maana chumvi ilishachuruzika zamani kupitia vijitundu vya barafu. Barafu changa ya mwaka mmoja ni tambarare kwa hiyo vidimbwi vinasambaa eneo kubwa, barafu kongwe ina matuta na mashimo kwa hiyo maji yanabaki kwenye mashimo. Mimi naona vidimbwi havipewi uzito unaostahili kwenye vitabu vya shule, wakati mwaka vikitokea mapema, jua likiwa bado juu kabisa, madhara yanaonekana hadi Septemba.

Sasa maji. Jua linaloingia kwenye mipasuko kati ya vipande vya barafu linapasha maji ya juu na hayo maji yanakula barafu kutokea chini, usipoweka chombo huwezi kuona. Kiangazi cha 2007 kwenye bahari ya Beaufort, kaskazini ya Alaska na Kanada, boya lililogandishwa ndani ya kipande cha barafu lilionyesha sehemu ya chini imeyeyuka zaidi ya mita 2 msimu mmoja, mara nyingi zaidi ya ilivyokuwa kawaida miaka ya 1990. Mwaka huo anga lilikuwa wazi, pepo zikasukuma barafu kutoka upande wa Siberia, na maji yenye joto kutoka Pasifiki yakaingia kwa wingi kupitia mlangobahari wa Bering. Upande wa Atlantiki nako, bahari ya Barents, kaskazini ya Norwei na Urusi, imebadilika sana, maji ya Atlantiki yenye joto na chumvi yanafika mbali kuliko zamani kwa hiyo hata majira ya baridi barafu inashindwa kuganda sehemu ambazo zamani iliganda.

Lakini mwalimu, kama ningetakiwa kuchagua jambo moja la kuwaambia wanafunzi, ningesema barafu inashindwa kiangazi kwa sababu inaingia kiangazi ikiwa dhaifu. Nyambizi za kivita zilipita chini ya barafu zikipima tangu 1958, na vipimo vilipolinganishwa ile sehemu iliyozama majini ilionekana imeshuka kutoka wastani wa mita 3 na kidogo hadi chini ya mita 2 miaka ya 1990. Katikati ya miaka ya 1980 kama theluthi moja ya barafu ilikuwa na zaidi ya miaka minne, saa hizi haifiki asilimia 5. Barafu nene ikipoteza mita moja na nusu inabaki, nyembamba ikipoteza kiasi hicho hicho inaisha kabisa na bahari inabaki wazi kumeza jua, jua lenyewe ni lile lile.

Udhaifu huo unatokana na gesijoto, kaboni dioksaidi ikiongoza, na kazi yake haihitaji kiangazi, inashika joto linalotaka kutoka kwenda angani hata usiku mrefu wa Desemba. Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia, na ongezeko kubwa liko vuli na majira ya baridi, kipindi ambacho barafu ilipaswa kunenepa. Kuna utafiti wa 2016 wa wanasayansi wa barafu ya bahari, Notz na Stroeve, ulioonyesha kila tani moja ya kaboni dioksaidi inayotolewa inaondoka na karibu mita 3 za mraba za barafu ya Septemba. Nikiisoma hiyo namba bado inanishtua, maana tani moja sio kitu kikubwa, safari moja ndefu ya ndege kwenda na kurudi unaifikia.

Kuhusu mwenzako na 2012. Ni kweli rekodi ya eneo dogo kabisa la barafu ni ya Septemba 2012, kilomita za mraba milioni 3.39, wakati miaka ya 1980 ilikuwa kama milioni 7. Mwaka ule dhoruba kubwa ilipiga mwanzoni mwa Agosti ikavuruga barafu nyembamba na kukoroga maji, ingawa mahesabu ya kompyuta yalionyesha rekodi ingevunjika hata bila dhoruba. Tangu hapo pepo na mikondo imesaidia barafu kidogo, miaka kadhaa mfululizo inapungua taratibu, hilo tulikubali bila kuficha. Ila Septemba zote kuanzia 2007 mpaka 2024 ziko chini ya Septemba yoyote ya kabla yake tangu setilaiti zianze kupima. Kutulia kwenye ngazi ya chini sio kurudi juu.

Antaktika ni habari nyingine, usiwafundishe kwa maelezo haya haya. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, kule ni bara lililozungukwa na bahari, barafu yake nyingi ya bahari inaganda majira ya baridi na kuyeyuka kiangazi, ambacho kwao ni Desemba mpaka Februari. Iliongezeka polepole hadi rekodi ya juu 2014, alafu 2016 ikaporomoka ghafla, na Februari 2023 ikashuka hadi kilomita za mraba milioni 1.79. Huko vidimbwi vina nafasi ndogo, wenye kauli ni upepo unaozunguka bara pamoja na maji ya joto yaliyojificha chini ya maji baridi ya juu, yakipata njia ya kupanda juu, barafu inayeyuka kutokea chini.