Shangazi, ninunue kwa jumla au niendelee kupima kwa mangi?

Swali: Shikamoo shangazi. Mi nakaa Mbagala na mume wangu, watoto wawili na mdogo wangu wa kike. Mume ananiachia elfu 10 ya matumizi kila asubuhi, basi kila siku mi na duka la mangi, mchele kilo, mafuta ya buku, sukari robo, sabuni ya unga kipakti kimoja. Jirani yangu yeye mwisho wa mwezi anaenda Kariakoo anarudi na kirikuu imejaa, juzi akanicheka eti sisi wa kupima ndo tunaomjengea mangi nyumba kwao. Sa hivi nimepokea mchezo, nina laki 2 mkononi. Niende na mimi nikabebe vya jumla au najidanganya?
*Wa Kupima, Mbagala*

Jibu: Marahaba mwanangu. Jirani yako kasema kweli ila kasema nusu, na hiyo nusu nyingine ndo imenikula mimi hela miaka mingi.

Anza na mafuta. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, kila ukinunua mafuta ya buku mimina humo kwanza kabla hayajaenda kikaangoni uone yanafika wapi. Mi nilifanya hivyo enzi nakaa Tandika, buku nne ndo zikaijaza ile chupa, na hapo shingoni hayajafika. Maana yake lita moja nilikuwa nanunua elfu 8 na zaidi bila kujijua, wakati dukani hapohapo kwa mangi, rafu ya juu, galoni ya lita 5 ilikuwa elfu 30, yaani elfu 6 kwa lita. Nikauliza bei ya dumu la lita 20 Kariakoo nikaambiwa laki na elfu 10, ambayo ni 5,500 kwa lita.

Sasa tulia hapo uangalie vizuri. Kutoka kupima kwenda lita 5 umeokoa elfu 2 kila lita. Kutoka lita 5 kwenda dumu umeokoa jero tu. Jero mara lita 20 ni elfu 10, halafu bodaboda wa kukutoa Kariakoo mpaka Mbagala na dumu lako anataka elfu 8, umebaki na buku 2 na mgongo unauma. Hela kubwa iko kwenye ile hatua ya kwanza ya kuacha kupima. Kirikuu ni mbwembwe, labda kama una familia ya watu kumi au unauza chakula.

Na si kila kitu cha mangi kina faida kubwa hivyo. Sukari na mchele kila mtu anajua bei ya kilo, mangi akizidisha unavuka barabara unaenda kwa mwenzie, kwahiyo hapo anakula kidogo sana. Anapokula ni kwenye vitu visivyo na mizani, mafuta ya kipimo, sabuni ya vipakti, viungo vya kwenye karatasi. Mchele kama unaupata kiroba cha kilo 25 kwa 62,500 na mangi anauza 2,800 kwa kilo, umeokoa 7,500 kwa kiroba kizima. Siyo haba ila siyo ya kumcheka jirani.

Nikwambie na langu. Mi nilishanunua hilo dumu. Nyumbani tulikuwa tunatumia lita 5 kwa mwezi, nikapiga hesabu miezi minne naishi kama malkia. Mwanangu, halikumaliza miezi miwili na nusu! Hakuna aliyeiba. Ni kwamba mafuta yakionekana mengi mkono unakuwa mrefu, chapati zikawa kila Jumapili na Jumatano, watoto chipsi jioni, dada wa kazi samaki anamkaanga anaogelea kabisa. Siku nimefungua mfuniko nikaona weupe wa chini ya dumu nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Tangu hapo galoni inakaa chumbani chini ya kitanda, jikoni inashuka chupa ya lita moja na chupa hiyo ina siku zake, ikiisha kabla tunachemsha.

Cha pili ni joto letu hili la Dar na unyevu wa bahari. Unga usijaze ndani. Dona hasa, maana lina kiini cha mahindi na kile kina mafuta yake, ukikaa nalo linakuwa chungu mapema kuliko sembe. Maharage ya debe fukusi wanayamaliza kimyakimya, unakuja kushtuka yana vitundu kama filimbi, kwahiyo nunua ya wiki mbili tatu basi, au kama ni mengi yaanike yakauke kabisa uyaweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, mdudu bila hewa hafiki mbali. Vitunguu usivifunge kwenye mfuko wa plastiki, vinataka upepo.

Kitu kinachofurahia kukaa ni sabuni ya mche. Nunua hata katoni, kata vipande, vipange juu ya kabati vikauke, sabuni ikikauka inakuwa ngumu haiyeyuki ovyo kwenye beseni na utaona kipande kinakaa siku nyingi zaidi. Karatasi ya chooni, kiberiti, dawa ya meno, hivyo navyo haviozi na hakuna mtu anayepiga mswaki mara sita kwa sababu ipo nyingi.

Na tetesi za bei zisikukimbize. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika ikapita elfu 4 kwa kilo, mi nikasikia itafika elfu 6, nikakimbia nikabeba mfuko mzima kwa bei ileile ya juu. Ikashuka. Nikawa nakunywa chai ya elfu 4 na majirani wanakunywa ya elfu 3.

Haya, laki 2 zako. Galoni ya lita 5 elfu 30, kiroba cha mchele 62,500, sabuni za aina zote na karatasi ya chooni weka elfu 25. Hiyo ni 117,500, inayobaki usiiguse. Halafu hapa ndo watu wote wanateleza: mume kesho ataacha elfu 10 kama kawaida wakati mchele na mafuta yako ndani tayari. Usipotoa elfu 4 kila siku ukaitia kwenye kibubu, itaenda kwenye soda na vocha na mwisho wa mwezi kiroba kimeisha, mchezo umeisha, unarudi kwa mangi na buku yako ukisema jumla hailipi. Elfu 4 kwa siku 30 ni laki na 20, kiroba kingine na galoni nyingine hizo hapo.

Ila mangi usimsuse. Nyanya, sukari, mkate chukua kwake. Tarehe 25 mtoto akiugua ndo mwenye daftari ni yeye, wa Kariakoo hakujui.

Swali: Shangazi na umeme je, nikinunua LUKU ya miezi miwili kwa mpigo napata uniti nyingi zaidi?
*Kijana wa Kimara*

Jibu: Hapana baba, hapo jumla inaweza kukutia hasara. Kama uko kwenye tarifu ya D1 ya watumiaji wadogo, uniti 75 za mwezi ndo za bei ya chini, ukizidisha hapo zinazozidi unauziwa zaidi ya mara mbili. Nunua za mwezi huu mwezi huu. Na ukiona manunuzi ya kwanza ya mwezi uniti zimepungua usigombane na wakala, ni kodi ya jengo imekatwa humo.

Swali: Tuko wapangaji wanne Manzese, tunataka tuchange gunia la mchele tugawane. Tuanzie wapi?
*Wanne wa Uani*

Jibu: Muanzie kwenye mizani. Msinunue kwa macho wala msigawane kwa debe, debe ni ujazo siyo kilo. Gunia lililovimba kichwa, lumbesa, mliache hukohuko, sheria hairuhusu na bado hamjui mmenunua kilo ngapi. Subirini mavuno, kati ya mwezi wa 6 na wa 8 bei huwa inalegea, ila mchele mpya maji punguzeni la sivyo mtakula bokoboko uani nzima. Hela zote nne ziwe mezani kabla mtu hajapanda daladala, yule wa "nitakupa Ijumaa" apimiwe Ijumaa.