Kabla mjomba hajauza kiwanja cha Pongwe

Wagosi wangu wa Tanga, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza wote nikiwa kwenye basi natoka mazoezini. Kwa ambao hawakuwepo kijiweni siku hiyo, habari ni hii: dogo, mtoto wa mama mdogo, amekutana na mtu aliyemwona kwenye ndondo, mechi za mtaani, akamwambia ana nafasi ya majaribio Ulaya. Anataka shilingi 4,500,000. Mjomba amesema kama ni kweli atauza kiwanja cha Pongwe. Basi mnaniuliza kama inawezekana, huku nalipwa ngapi, na mbona mimi mwenyewe huu mwaka wa pili niko Uswidi nacheza mpira na jina halisikiki.

Nimekaa na huo ujumbe siku tatu. Ningeweza kujibu kama nilivyozoea, "tunapambana, Mungu mwema," na picha ya jezi. Ila kiwanja kikishauzwa hakirudi, kwa hiyo leo acha nimwage yote.

Nianze na lile ambalo hata nyumbani analijua mama peke yake. Mnakumbuka mwaka 2022 niliaga barabara nzima ya 12, mkanichangia begi, halafu baada ya wiki mbili nikaonekana tena mtaani Ngamiani nikasema viza imechelewa? Hakukuwa na viza. Kulikuwa na mtu aliyechukua 1,800,000 ya mama, fedha ya mchezo wa kupeana aliyopokea kwa wenzake, akanipa barua ya mwaliko wa timu ya Cyprus yenye muhuri mzuri kabisa. Nikafika Dar, nikalala Mbagala kwa rafiki siku kumi na moja nikipiga simu ambayo mwanzo ilikuwa inaita na mwisho ikawa haipatikani. Mama alilipa ule mchezo kwa mihogo na bajia mpaka mwaka ukaisha. Niliwadanganya kwa sababu ya aibu, na ule uongo wangu ndio unaomfanya mjomba leo aone kuwa haya mambo huwa yanachelewa tu, hayawi utapeli. Mnisamehe kwa hilo.

Sasa huyu wa dogo. Jambo la kwanza, dogo anatimiza miaka 18 Machi. Sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya miaka 18, na milango michache iliyoachwa wazi, kama wazazi kuhama kwa sababu zao zisizo za mpira, haimhusu mtoto wa Tanga anayeishi na bibi yake. Kelvin John, straika wetu wa vijana, aliwika kwenye AFCON ya vijana pale Dar mwaka 2019, kila mtu anamtaka, akapelekwa Uingereza kusoma na kucheza shuleni, na Genk ya Ubelgiji wakamsajili mwaka 2021 alipofikisha 18. Aliyekuwa anatajwa kwenye magazeti alisubiri, itakuwa dogo? Na akitokea mtu wa kumwambia umri unarekebishika, wagosi mnaelewa ninachosema, akimbie. Huku wanapiga picha mpaka mifupa.

Jambo la pili, timu ikikutaka, inalipa yenyewe. Mimi nilipokuja kwenye majaribio mwaka mmoja baada ya yale ya Cyprus, sikutoa shilingi zaidi ya pasipoti. Kocha wangu wa Championship, ligi ya daraja la pili ya kwetu, alimtumia jamaa yake wa huku mechi tatu nzima, dakika zote 90, wakatazama, wakaita. Tiketi wao, kitanda wao, chakula wao. Huyo mtu anasema katika ile 4,500,000 kuna fedha ya ITC. Mjomba, ITC haiuzwi. Ni cheti cha uhamisho ambacho shirikisho la huku linakiomba kwa TFF, shirikisho letu la mpira, kwa mtandao baada ya timu kusajili, mchezaji wala haigusi. Na wakala anayesimamia mchezaji siku hizi anatakiwa awe na leseni ya FIFA, wamerudisha mtihani tangu 2023, majina yapo kwenye tovuti yao. Mwombeni jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, mlitafute. Akianza kukasirika, mmeshapata jibu.

Mshahara. Najua hapa ndipo mnaposubiri.

Nilifika Februari 2024. Wakati ule sheria ya Uswidi ilitaka mgeni kutoka nje ya Ulaya alipwe angalau krona 27,360 kwa mwezi ndipo apewe kibali cha kazi. Timu yangu ya daraja la tatu ikanipa 27,500. Zile 140 za juu nadhani waliziweka kwa adabu. Ukigeuza kwa shilingi ni milioni sita na ushee, na najua hiyo namba ikitua kijiweni inavyopokelewa. Kodi inaondoka na karibu 5,700 kabla sijaiona. Chumba 6,000, na hapo nagawana nyumba na kipa wa Gambia. Chakula, basi, simu, koti (koti moja la baridi ni bei ya baiskeli mpya pale sokoni), hapo inabaki kama 10,000. Nusu naituma nyumbani, nusu naificha.

Sitaki kuwadanganya kwamba nalala njaa. Silali njaa. Kinachonikosesha usingizi ni tarehe. Mkataba ni wa msimu mmoja, unaisha 30 Novemba. Kibali changu kimefungwa kwenye hiyo timu. Wasiponiongeza, nina miezi mitatu ya kupata mwajiri mwingine, na hiyo ni miezi ya baridi kali ambayo timu zinapunguza watu. Mwaka jana nilijulishwa kuwa nabaki tarehe 19 Novemba. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nguo. Mwaka huu wameniongeza krona kidogo, si kwa mabao, ni kwa sababu kima cha serikali nacho kimepanda.

Mabao ndiyo hayo sasa. Mwaka jana mechi 22, mabao 4. Mwaka huu mpaka leo mechi 19, mabao 6. Beki akicheza vibaya hapa atasemwa, lakini straika anahesabiwa, na namba yake iko pale kwa kila anayetaka kuiona, kuanzia kocha hadi mtoto wa jirani.

Na mpira wenyewe si ule. Kwetu nilikuwa nasimama kati ya mabeki wawili, nasubiri krosi, nikipata moja natupia, kesho naitwa mfalme. Wiki yangu ya kwanza hapa kulikuwa na theluji uwanjani. Ni nyasi bandia, trekta linapita kusukuma theluji pembeni, inakaa kama ukuta kuzunguka uwanja, halafu mnacheza katikati. Mpira ukikugonga paja ni kama umerushiwa nazi. Kocha alikuwa anapiga kelele neno moja tu, djupled, djupled, mimi nikadhani ni jina la mtu. Kumbe anataka nikimbie nyuma ya mabeki, kila mara, hata kama najua pasi haiji. Nikimbie ili wao warudi nyuma na mwenzangu apate nafasi. Mara kumi nakimbilia hewa.

Siku moja aliniita ofisini akafungua kompyuta. Alikuwa amekata vipande vya mechi yangu ya kirafiki, vyote ni mimi nimesimama nimeshika kiuno. Vilikuwa kumi na vinne. Hakunigombeza. Alivicheza kimoja baada ya kingine, kimya, halafu akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Wallahi afadhali angenitukana kama makocha wa kwetu. Tunavaa vile vifulana vyenye kifaa mgongoni kinachohesabu mbio, kwa hiyo hata ukisema ulikimbia, karatasi inakukana. Nilisugua benchi mechi saba.

Bao la kwanza nililifunga kwa ugoko. Mvua, krosi ya chini, beki kateleza, mpira ukanigonga ukaingia. Nikakimbilia kibendera cha kona kama nilivyozoea uwanja wa Mkwakwani, nikageuka niwaone watu. Walikuwepo kama mia tatu. Wanapiga makofi kama watu waliomaliza kusikiliza hotuba ya diwani, na mzee mmoja ana soseji mkononi kwa hiyo anapiga paja lake. Bado ndilo bao ninalolipenda kuliko yote.

Mwezi wa saba mwaka jana nyama za paja la nyuma zikachanika, wiki saba nje. Hapo ndipo mlipokuwa mnaniandikia "mbona haupangwi, au umelewa Ulaya?" Nilikuwa kitandani nimeweka barafu. Timu ilinitibu vizuri, hilo siwezi kulisema vibaya, lakini nilipoumia walichukua straika mwingine kwa mkopo, mtoto wa miaka 19, mzungu mwenye mbio, akafunga tano. Niliporudi tulikuwa tunasalimiana vizuri mno.

Upweke sitausema sana, nyote mna ndugu nje mmeshausikia. Jirani yangu wa mlango wa pili hatujawahi kuzungumza. Desemba saa tisa alasiri giza limeshaingia. Kilichoniokoa ni familia moja ya Wakongo kutoka Bukavu, baba alinisikia naongea na mama kwenye simu dukani kwa Msomali nilipofuata unga wa mahindi. Kila Jumapili isiyo na mechi naenda kwao. Kiswahili chao kinanichekesha, changu kinawachekesha, kisamvu wanakiita sombe, na yule mama akiniona sijamaliza sahani ananiambia "weye haukuli, utafunga aje?"

Dogo, sasa nakuambia wewe, acha hao wakubwa wasikilize pembeni.

Mimi nilikuwa na haraka ya Ulaya kuliko ya mpira. Tazama waliopita. Samatta alitoka Simba mwaka 2011, hakwenda Ulaya, akaenda Kongo, Lubumbashi, kwenye timu ya TP Mazembe. Akakaa huko miaka karibu mitano. Mwaka 2015 akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika, amefunga mechi zote mbili za fainali, akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo Januari 2016 Genk wakamchukua, wakijua wanamchukua nani. Msimu wa 2018/19 akawafungia mabao 23 ya ligi, wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Alipokwenda Aston Villa mwaka 2020 akiwa Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, alikuwa na miaka 27. Mwenzake wa Mazembe, Thomas Ulimwengu, naye alipita huku Uswidi, Eskilstuna, mwaka 2017, lakini alikuja akiwa na medali ya Afrika kifuani. Mimi nilikuja na video.

Na si lazima hata iwe Ulaya. Straika Fiston Mayele alikuja Yanga kutoka kwao Kongo, akawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Pyramids ya Misri ikamnunua, mwaka 2025 akafunga kwenye fainali, wakachukua ubingwa wa Afrika. Hajawahi kukwangua theluji kwenye viatu. Kuna mastraika wa Ligi Kuu ya NBC wanaonizidi mshahara leo hii, na wanacheza Kwa Mkapa mbele ya watu 60,000 siku ya dabi. Mimi nikiwaambia wenzangu huku kwamba kwetu uwanja unajaa hivyo, wananitazama kama nimepiga chai, yaani natunga.

Sisemi usije. Nakujua, una mguu wa kushoto ambao mimi sina. Nasema mwaka huu ingia timu yenye ligi, hata iwe Championship, hata uanze kwa kubeba maji. Ukifika 18 uwe na mechi 25 za watu wazima zilizorekodiwa. Si vipande vya chenga na muziki, huku hawavitazami, wanataka kukuona dakika ya 70 umechoka unafanya nini. Nitumie tatu, nzima, hata za kamera ya simu mradi mshikaji asiwe anashangilia. Nitampa kocha wangu. Akisema hapana nitakuambia hapana.

Mjomba, nitapiga Jumamosi baada ya mechi, saa mbili usiku za huko. Huyo mtu akiwa bado yuko Tanga mkae naye, niwekeni kwenye spika.

Mliouliza narudi lini: Oktoba nina kikao na timu, kabla ya hapo sijui. Msimtangazie mtu. Na vile viatu vyangu vyekundu viko kwa mama, chini ya kitanda, kwenye mfuko wa mchele. Ni namba 42. Dogo avijaribu na soksi mbili.