Barthez: kipa wa maajabu na vituko

Mkuu, umeuliza kwa nini Fabien Barthez, kipa wa Ufaransa, alipendwa sana ilhali alifungwa mabao ya kizembe. Jibu langu: vyote viwili vilitoka chungu kimoja. Jamaa hakuwa na woga hata kidogo.

Kombe la Dunia 1998 Ufaransa ilicheza mechi saba na yeye akaruhusu mabao mawili tu, moja likiwa penalti. Beki mwenzake Laurent Blanc alikuwa akimbusu kipara kabla ya mechi kuanza, na hicho kipara ndicho kilichomfanya ajulikane hata kwa wasiofuatilia mpira. Kabla ya hapo alishabeba Ligi ya Mabingwa na Marseille, 1993.

Vituko sasa! Januari 2001 akidakia Manchester United, Kombe la FA, mshambuliaji Di Canio wa West Ham kabaki naye uso kwa uso pale Old Trafford, uwanja wa United. Barthez hakumfuata, akanyoosha mkono juu akidhani Di Canio angedhani ameotea. Wapi! Mpira ukalala wavuni, Manchester United ikatolewa. Novemba mwaka huohuo akamzawadia Thierry Henry wa Arsenal mabao mawili pale Highbury, uwanja wa Arsenal.

Ila usisahau, alitwaa ubingwa wa England mara mbili, na 2006 akiwa na miaka 35 bado alidaka fainali ya Kombe la Dunia. Baada ya kustaafu akahamia mbio za magari, hadi mbio maarufu za saa 24 za Le Mans akaendesha. Mtu wa hivyo utamchukia vipi?