Kubadilisha kayaki ya pedali kwa toleo jipya: mimi naangalia rivasi na uzito, mengine baadaye

Mkuu, kama nimekuelewa, kayaki yako ni ya pedali za mapezi, toleo la zamani linalokwenda mbele tu. Bado inaelea vizuri, ila kiti kinakumaliza mgongo, pedali zimeanza kucheza, na umeziona hizi mpya zenye rivasi na sakafu pana ya kusimama, sasa roho haitulii. Nimevulia aina yako kwa miaka, nikahamia kwenye ya propela ambayo ndiyo ninayo hadi leo, na mwenzangu ninayevua naye ana ya mapezi mapya, tunabadilishana tukichoka. Nakujibu kwa niliyoyaona humo.

Jiulize kwanza unavulia wapi. Kama ni kwenye miti iliyozama, nguzo za gati au miamba, badilisha, na sababu iwe rivasi peke yake. Kama kazi yako kubwa ni kukokota chambo kwenye maji ya wazi, pesa ikae mfukoni, tengeneza uliyonayo. Vishikio vya fimbo, reli za kufungia vifaa, rangi za kijeshi, hayo ni mapambo, na mengi yake unaweza kuyafunga kwenye bodi ya zamani, yaani mwili wa kayaki, kwa drili na skrubu.

Kwa nini naikazania rivasi? Samaki aliyejificha kwenye matawi akishika ndoana hakimbilii maji ya wazi, anarudi alikotoka. Kayaki haina uzito wa kumzuia, kwa hiyo yeye anavuta na wewe unafuata, omo, yaani pua ya kayaki, inaelekea kwenye mti. Mikono yote miwili iko kwenye fimbo. Chombo kisichorudi nyuma kinakuachia njia mbili, zote mbaya: ushike fimbo kwa mkono mmoja utafute kafi kwa mwingine, au ukaze breki ya rili uombe mshipi usikatike. Kwenye propela miguu inageuza mwelekeo hapohapo. Mizunguko michache ya kinyume, chombo kinaanza kurudi, mshipi umekaza, na samaki anatolewa kwenye matawi kwa uzito wako na wa kayaki yote badala ya nguvu ya kiwiko. Na hata bila samaki, upepo ukikusukuma taratibu kuelekea pale unapotaka kutupa chambo, unakanyaga kinyume kidogo kidogo na kubaki umbali uleule huku mikono ikiendelea na kazi. Ukishazoea hilo, kurudi kwenye chombo cha mbele tu ni adhabu.

Sasa ipi, mapezi au propela? Kampuni ya kayaki ya Hobie walitoa mashine yao ya mapezi, MirageDrive, mwaka 1997: mapezi mawili chini ya bodi yanapepea kushoto na kulia kila unaposukuma pedali. Kwa karibu miaka 20 ilikuwa ya mbele tu. Mwaka 2016 ikaja MirageDrive 180, unavuta kamba fupi, mapezi yanajigeuza na unarudi nyuma. Watengenezaji wengine, Native Watercraft na Old Town, walishika njia ya propela, na huko hakuna cha kuvuta, unazungusha pedali kinyume basi. Wapenzi wa mapezi watanishambulia hapa, lakini kuvuta kamba kunahitaji mkono. Ni kitendo cha sekunde moja, ila ni ile sekunde samaki anapoingia kwenye matawi. Kwa matumizi mengine yote, kurudi kwa mapezi kunatosha kabisa.

Propela nayo ina visirani vyake. Inaning'inia karibu nusu mita chini ya bodi, kwa hiyo maji yakiwa mafupi unaiinua mashine yote na kushika kafi, wakati mwenzako wa mapezi anasukuma pedali moja hadi mwisho, mapezi yanalala chini ya bodi na anapita. Mwani na magugu maji yanajizungusha kwenye propela hadi inagoma. Mapezi yanajinasua zaidi, ingawa nayo si kwamba hayanasi. Miguu pia haifanyi kazi sawa. Propela inataka mzunguko kamili wa baiskeli, magoti yanapanda juu, na ukiwa na miguu mirefu utagonga fimbo na mikono yako mwenyewe unapovuta mshipi. Mapezi ni kusukuma mbele na kuachia, magoti yanakaa chini. Mwenye goti bovu ajaribu zote mbili kabla hajatoa hata senti, kwa sababu ninaowajua wamegawanyika: mmoja mzunguko unamtuliza, mwingine unamwasha.

Kuhusu kasi, usidanganyike. Chombo cha aina hii kinabanwa na urefu wake ndani ya maji. Ukichukua hesabu ya kawaida ya mabaharia, chenye mita 3.7 majini kinafika ukomo kwenye kilomita 8.6 hivi kwa saa, na chenye mita 4.2 kwenye 9.2 hivi. Zaidi ya hapo unapandisha wimbi lako mwenyewe, nguvu inaishia humo. Na hakuna anayeendesha kwenye ukomo huo asubuhi nzima, wengi wetu tunatembea kilomita 5 au 6 kwa saa. Kwa hiyo mashine ya Old Town inayozungusha propela zaidi ya mara 10 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali inasikika kama kitu cha mashindano, lakini faida yake ni kwamba miguu inakwenda polepole na huchoki. Nyingi kati ya hizi mpya za kusimamia ni pana zaidi, na upana unakula mwendo. Usishangae ukiona ya zamani iliyo nyembamba inaipita.

Halafu uzito, na hapa ndipo watu wengi wanaozijutia kayaki mpya wanapoanzia majuto yao. Sakafu pana, kiti cha fremu chenye kupanda na kushuka, mashine nzito, yote hayo yanabebwa na mtu. Hobie Pro Angler 14 ikiwa na vifaa vyake vya kiwandani inapita kilo 60, na hapo hujaweka betri, sona ya kutafutia samaki, sanduku la vyambo, nanga wala maji ya kunywa. Ndani ya maji huusikii huo uzito. Unausikia ukiwa peke yako alfajiri, keria iko juu ya kichwa chako na kayaki iko chini. Chukua uzito wa bodi tupu, bila kiti na bila mashine, maana hivyo ndivyo unavyoibeba, kisha ujiulize kama unaweza kuiinua upande mmoja hadi juu ya gari, ukaegemeza, ukainua upande wa pili. Soma na kiwango cha uzito ambacho paa la gari lako linaruhusu, kiko kwenye kitabu cha gari. Namjua mtu aliyenunua chombo kizuri sana na sasa anakwenda majini pale tu kaka yake anapokuwa na nafasi. Kama una trela, au unakaa karibu na maji na kitoroli kinatosha, ruka aya hii.

Kabla hujaamua, chomoa mashine yako uiweke juu ya benchi. Shika pedali moja kwa kila mkono uzitikise kwa kupokezana. Zikicheza kabla mapezi hayajasogea, angalia cheni na waya: mara nyingi ni kulegea tu, nati za kurekebishia zinakazwa na mchezo unaisha. Waya ukiwa na nyuzi zilizokatika zinazochoma kidole, badilisha zote kwa mpigo mmoja, usibakize ya zamani upande mmoja. Kagua vyuma vinavyoshika mapezi, vikiwa vimepinda kidogo tu unapoteza nguvu nyingi bila kujua. Halafu geuza bodi juu chini. Pitisha kidole kuzunguka tundu la mashine na yale matundu ya kutolea maji, huko ndiko nyufa huanzia. Plastiki ya kayaki hizi ni polietilini, haishiki gundi za kawaida, ufa unachomelewa kwa plastiki ya aina ileile. Ufa mdogo si msiba. Lakini bodi ikiwa imepauka na jua hadi inaacha unga mkononi, na nyufa ziko zaidi ya sehemu moja, hapo nami nakushauri ubadilishe bila kujali unavulia wapi.

Ukikuta bodi nzima na tatizo ni mashine na kiti, kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaisemi sana. Baadhi ya bodi za zamani zinapokea mashine mpya yenye rivasi. Inategemea mwaka wa bodi na umbo la tundu, kwa hiyo piga picha ya tundu na ya vishikio vyake, mpelekee muuzaji, akupe jibu kwa maandishi. Ile MirageDrive 360 ya Hobie iliyokuja 2019, inayogeuka pande zote hadi chombo kinakwenda ubavu, isahau kwa bodi yako, inahitaji bodi iliyoundwa kwa ajili yake. Nimeiendesha. Inafurahisha sana, na kwa anayevua ukingoni mwa miamba siku nzima ina maana, ila mimi sioni kama inanipa samaki ambaye rivasi ya kawaida isingenipa. Kiti nacho kinanunuliwa peke yake, na kama kinachokusumbua hasa ni mgongo, anza na hicho, utashangaa hamu ya kayaki mpya inavyopungua.

Kuna watakaokuambia uweke mota ya umeme badala ya yote haya. Zipo zinazojishikilia mahali pamoja kwa GPS bila wewe kugusa kitu, na zinafanya kazi. Ila unaongeza betri, unaongeza uzito, na nchi nyingi zinakitaka chombo chenye mota kisajiliwe. Huo ni uzi mwingine.

Ukiamua kununua iliyokwisha kutumika yenye propela, mwambie muuzaji atoe propela mbele yako. Nyuma yake, kwenye shafti, mara nyingi utakuta mshipi umejisokota, na mshipi huo ndio unaokata sili, yaani mpira unaozuia maji. Sili ikikatika maji yanaingia kwenye gia. Kama mashine ina tundu la oili, chomoa skrubu uone tone moja: ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, na bei ishuke au uondoke. Zungusha pedali polepole kwa mkono, usikilize. Gia nzima ina mvumo mmoja. Yenye jino bovu utaisikia inagota kila inapofika palepale.

Na usinunue yoyote kwa kuijaribu kwenye maji yaliyotulia. Omba siku yenye upepo, pakia mzigo wako wote wa kawaida, endesha dhidi ya upepo kwa nusu saa, kisha usimame na utupe chambo pande zote mbili. Geuza ukiwa na upepo ubavuni, uone usukani unaitikia au unabembeleza. Mwisho rudi nyuma ukiwa umeshika fimbo kwa mikono yote miwili. Halafu tuandikie hapa ni bodi gani unayo na ya mwaka gani, kuna wakuu humu wanaozijua hizo za zamani kuliko mimi.