IST ya Dalali, Kadi Iliyoko Dar na Harufu ya Samaki

Mara iliyopita niligusia bei za tairi, na maswali yaliyorudi karibu yote yakawa ya kununua gari dogo la mkononi. Nimechukua manane. Wale mlioomba namba ya dalali mwaminifu, mnisamehe, na mimi bado namtafuta.

Swali: Shikamoo mjomba. Mimi ni mwalimu, naishi Muheza na nafundisha Tanga mjini. Nina milioni tisa za kikoba. Huyu ananiambia IST, yule Vitz, mwingine Passo. Nichukue ipi?

Marahaba mwanangu. Kwanza, hizo tisa zihesabu kuwa saba na nusu. Moja na nusu inayobaki dalali asiijue kabisa. Hiyo ni ya betri, tairi mbili, shokapu, na bushi zitakazoanza kulia wiki ya pili. Kila gari la mkononi lina wiki ya pili yake.

Zote tatu ni Toyota, kwa hiyo spea utazipata Ngamiani bila kuagiza Dar, na fundi wa chini ya mwembe amezifungua mara nyingi kuliko alivyofungua daftari. Kinachozitenganisha ni injini. IST ya toleo la kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, ilitoka na injini mbili: 2NZ ya cc 1298 na 1NZ ya cc 1496. Zote zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha wala wa kukukatikia Mkanyageni usiku. Ila cheni inaishi kwa oili. Mwenye gari akiwa mtu wa kuongezea oili badala ya kuibadilisha, utaisikia asubuhi ikichakacha.

Passo ya cc 996 ina silinda tatu, na Vitz ya kuanzia 2005 yenye cc hizohizo ni injini ileile. Likiwa limesimama linanguruma, linatetemeka kidogo kama mtu anayeanza homa. Ndivyo lilivyozaliwa, usikubali fundi akuuzie plagi kwa sababu hiyo. Vitz ya zamani ya cc 997 ina silinda nne, imetulia zaidi, lakini sasa ni mzee.

Wewe najua utabeba walimu wenzako watatu mchangie mafuta. Watu wazima wanne, AC imewashwa, kila siku Muheza na mjini: chukua IST ya 1300. Ungekuwa unasafiri peke yako ningesema Passo bila kusita. Kasoro ya IST ninayoijua nyumbani kwangu ni moja: spidomita iko katikati ya dashibodi, kwa hiyo mke wangu anausoma mwendo wangu kabla yangu.

Swali: Kaka, IST mbili, zote za mwaka 2004, moja namba C na nyingine namba D. Ya D imezidi milioni moja. Ni halali? (Kijana wa Chumbageni)

Herufi inakuonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, haionyeshi lilitoka kiwandani lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Inawezekana namba D imekula mashimo machache ya kwetu, na inawezekana ilikuwa Uber ya Dar usiku na mchana. Ningetoa laki tatu za herufi, si zaidi. Hizo natoa kwa sababu siku ukiuza, mnunuzi wako naye atauliza herufi.

Swali: Ami, nimeonyeshwa Vitz nyeupe Raskazone, mwenyewe mstaafu, inang'aa. Naogopa kutu ya bahari. Niangalie wapi? (Baba watatu, Makorora)

Angalia pale ambapo mimi sikuangalia.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua Vitz ya fedha kwa bwana mmoja mpole sana, mtu wa kukukaribisha chai kwanza. Ndani kulikuwa na vining'inio vitatu vya marashi kwenye kioo. Nikajisemea, huyu mtu msafi. Siku ya tatu nililiacha juani toka adhuhuri hadi alasiri, nilipofungua mlango nikapokelewa na nguru. Si harufu ya kitoweo cha jana, ni harufu ya soko. Nikainua kapeti la buti, nikatoa tairi ya akiba, na kupitia tundu la ukubwa wa kiganja nikauona mchanga wa uani kwangu. Gari lile lilikuwa linabeba samaki kutoka soko la Deep Sea. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanashuka chini ya tairi ya akiba, yanakaa humo mwaka hadi mwaka, huku juu bodi inapigwa polishi kila Ijumaa.

Kwa hiyo nenda na boksi la kulalia, tochi na bisibisi. Anza na hilo shimo la tairi ya akiba. Inua kapeti za miguuni mbele, zote mbili, uguse chini: unyevu haufichiki kwa kidole. Fungua boneti utazame mabega pale shokapu za mbele zilipofungwa, maana kutu ikifika hapo mimi naaga. Kisha ulale chini, gonga kizingiti cha kila mlango kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linajibu kwa sauti kali. Likijibu kwa sauti nzito kama ukuta wa udongo, hapo pamejazwa puti, ile lipu ya kuzibia bati lililooza. Ukiwa na sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye kitambaa uipitishe kwenye bodi, juu ya puti nene haishiki. Usisahau bomba za breki zinazopita chini kwenda nyuma, ni nyembamba na ndizo hutangulia kuliwa.

Usilikatae gari la Raskazone kwa anwani yake. Likilala ndani ya banda na likioshwa chini kwa maji ya bomba, linaweza kuwa zima kuliko la Korogwe lililokuwa likishuka pwani kufuata samaki. Mzee mstaafu asiyevua wala asiye na genge, ningemwendea hata kesho.

Swali: Bro, dalali anasema kadi iko kwa shemeji yake Dar, nitoe nusu ya hela nichukue gari, kadi inakuja na basi. (Pongwe)

Hapana. Mara nyingi kadi ya namna hiyo haiko kwa shemeji, iko kwa mkopeshaji. Mwenye gari ameiweka rehani, marejesho yamemshinda, anataka nusu yako ajikwamue. Akishindwa tena, wenye deni watalifuata gari lilipo, na litakuwa kwako.

Shika kadi halisi mkononi. Namba ya chesisi iliyoandikwa humo ilingane na iliyogongwa kwenye bati la gari, herufi kwa herufi. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake cha NIDA. Akisema ni la marehemu baba, aje na barua za msimamizi wa mirathi, la sivyo unanunua kesi ya ndugu sita. Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, kisha muongozane TRA kuhamisha umiliki. Kuna ada na ushuru wa stempu, kubalianeni mapema nani analipa. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki kabla hujatoa senti, kwa sababu faini zimeandikwa kwenye gari, haziondoki na muuzaji. Na dalali akikudai hela ya "road licence", mcheke kidogo. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, sasa tunailipia ndani ya bei ya mafuta.

Swali: Mjomba, IST ya 2005 inasoma kilomita 68,000. Niamini? (Muuguzi, Duga)

Ningeamini zaidi raba ya pedali ya breki kuliko hiyo namba. Kilomita 68,000 haziwezi kula raba hadi chuma kichungulie, wala kung'arisha usukani upande wa kulia kama jiwe la mtoni, wala kupasua kiti cha dereva ubavuni.

Kuna ushahidi mwingine ambao madalali wetu husahau kuubandua, kwa kuwa hawausomi. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya bodi, kisha chini ya boneti. Gereji za Japani hubandika kikaratasi kila zikibadilisha oili: tarehe na kilomita. Namba ni zilezile tunazotumia sisi. Mwaka tu unaweza kukuzuzua, kwa sababu wanahesabu pia kwa enzi za wafalme wao. Ukiona 20 mahali pa mwaka, kwa gari la umri huo, jumlisha 1988, unapata 2008. Jirani yangu alionyeshwa gari la "kilomita elfu hamsini na tisa", kikaratasi mlangoni kikasema 20, mwezi wa 6, kilomita 71,400. Yaani lilikuwa limetembea zaidi kabla halijapanda meli kuliko namba linayosoma sasa, baada ya kukaa nchini miaka kadhaa. Muuzaji akasema labda mlango ni wa gari lingine. Na hilo nalo ni jibu la kukimbia.

Swali: Kwa nini Honda Fit ni bei chee kuliko IST ilhali ni nzuri ndani? (Dada wa Mabawa)

Ni nzuri kweli, viti vya nyuma vinakunjika sakafu ikabaki tambarare, unapakia hata friji. Bei inashushwa na giaboksi. Fit nyingi za toleo la kwanza zina giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kupanda moja moja, inayotaka oili yake mahususi ya Honda iitwayo HMMF. Hapa kwetu imemiminiwa ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, yoyote iliyokuwa dukani, baadaye ikaanza kutetemeka gari likiondoka. Halafu injini ya 1300 ina silinda nne lakini plagi nane, mbili kila silinda. Ukiendesha ikaondoka laini bila mtikisiko, na mwenyewe akakutajia oili aliyoweka bila kubabaika, nunua dada yangu. Akisema "oili ya kawaida", rudi nyumbani.

Swali: Si bora niagize Japani tu? (Wengi)

Pigeni hesabu. Tuseme gari la cc 1300, lenye zaidi ya miaka 10, thamani yake pamoja na usafiri hadi bandarini ni 100. Ushuru wa forodha asilimia 25, imekuwa 125. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 ya uchakavu kwa sababu ya umri, inafika karibu 169. VAT asilimia 18 juu yake, 199. Bado ada ndogondogo, wakala wa bandarini, bima na namba. Gari la cc zisizozidi 1000 linasamehewa ile asilimia 5 peke yake, linaishia karibu 192. Na thamani inayotozwa ni ile ya TRA, si ile uliyopatana na Mjapani. Viwango huguswa kwenye Bajeti ya Juni, kwa hiyo ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma dola.

Faida ya kuagiza ni kwamba gari halijaonja barabara zetu, na unaweza kudai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kabla halijauzwa mnadani Japani. Ikiandikwa R au RA mahali pa daraja, lilishagongwa likatengenezwa. Kwa mwenye hela kamili na subira, agiza. Kwa mwalimu wangu wa Muheza, hapana.

Swali: Nitaenda kulijaribu gari Jumamosi na fundi wangu. Kuna la ziada? (Bwana harusi mtarajiwa, Kange)

Fika saa moja mapema kuliko mlivyoahidiana. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, walishaliwasha kuficha ugumu wa kuwaka asubuhi, ahirisha uje siku nyingine. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya cheki injini lazima iwake. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa, na ana sababu. Wakati bado baridi, fungua mfuniko wa rejeta na wa oili. Maji ya rangi ya kutu, au utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya mfuniko wa oili, usiendelee.

Tanga yetu ni tambarare, mtu anazunguka mji mzima na baiskeli bila kushuka, kwa hiyo injini dhaifu inajificha vizuri sana hapa. Pakia watu wanne, washa AC, nenda hadi Muheza na kurudi, redio imezimwa. Mwishoni tafuta uwanja, kata usukani hadi mwisho kila upande ukienda polepole: tak-tak-tak ni sivi jointi, kiungo cha ekseli ya gurudumu la mbele, ipunguze kwenye bei.

Kuhusu fundi: mlipe ya kwake Ijumaa, kabla hajaliona gari, na umwambie ni yake ukinunua usinunue. Ukimwahidi kumkumbuka baada ya kununua, muuzaji atamwahidi cha juu zaidi, na gari litakuwa zima kabla hajainama.