Medali ya mjomba haimo kwenye fomu

SWALI: Shikamoo mhariri. Mjomba wangu alienda Marekani akaingia jeshi la huko, kamaliza muda wake na sasa karudi Mikindani. Juzi tunapanga makaratasi yake maana mende walishaanza kutafuna bahasha, tukaona ile fomu DD-214, yenye muhtasari wa utumishi wake, aliyopewa akiacha jeshi haina medali moja, na kozi ya ufundi magari ya wiki nane haimo wakati cheti chake tunacho. Tunafanyaje na tuko huku? Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza msiiguse kwa peni hata herufi moja, najua mtatamani. Medali zinakaa kisanduku cha 13, mafunzo cha 14, kaangalieni tena vizuri maana zinaandikwa kwa vifupisho. Kama kweli hazimo, mjomba ajaze fomu SF-180 kuomba faili lake na marekebisho, na asaini mwenyewe sio wewe, halafu aambatanishe kopi ya cheti cha kozi na ya amri ya medali (karatasi ya jeshi inayosema katunukiwa) kama anayo, orijino zibaki kabatini (mbali na hao mende). Wakikubali hawabadilishi ile ya zamani, wanatoa fomu nyingine, DD-215 ya marekebisho, zinatembea pamoja, kwahiyo asiitupe. Wakikataa, ipo bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, fomu yake DD-149, muda ni miaka 3 tangu agundue kosa ila bodi inaweza kusamehe uchelewaji. Na hailipiwi, akija kishoka anataka hela ya "kufuatilia" mwambieni asubiri msimu wa korosho.