Usianze kwa kumnyang'anya simu

Binti yangu alikuwa na miaka 11 nilipomkuta saa sita usiku amejifunika gubigubi, mwanga wa simu ukipenya pembeni mwa shuka. Nikadhani ni gemu tu. Kumbe "rafiki" wa kwenye gemu, aliyejitambulisha kuwa wa miaka 12, alishamzawadia sarafu za mchezo mara tatu, na usiku ule alikuwa anamwomba picha. Ujumbe wake wa mwisho: "Usimwambie mama yako, atakunyang'anya simu."

Mtu huyo alikuwa amenijua vizuri. Mkono wangu ulishaikamata ile simu, tayari kuifungia kabatini mwezi mzima. Ukali wangu ndio uliokuwa silaha yake.

Nikaketi kitandani, nikamwambia mwanangu hana kosa na simu inabaki yake. Alilia kwanza. Kisha akasema yote, hata ambayo nisingeyakuta kwenye simu. Tukapiga picha za skrini za mazungumzo na jina la akaunti, ndipo tukamzuia na kumripoti. Wengi hapa huponzwa na hasira: wanafuta kila kitu, na ushahidi unakwenda nao. Ila kama kuna picha ya utupu ya mtoto, usimtumie mtu yeyote, hata kwa nia ya kuomba msaada. Ipeleke simu yenyewe polisi.

Aibu yangu ilikuja baadaye. Akaunti ya binti yangu ilionyesha ana miaka 18, na aliyejaza ni mimi, maana chini ya 13 ilikuwa inakataa. Nilidhani umri huo ulipangwa na wataalamu wa malezi. Wapi! Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya 1998, inayozitaka kampuni zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13. Inahusu taarifa, si ukomavu. Nami kwa kumwongezea umri nilimvua kinga zote walizowekewa watoto, kwa mfano kuzuia ujumbe wa wasiojulikana. Ile akaunti tuliifuta.

Tangu Desemba 10, 2025, Australia inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16, na faini inaweza kufika dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Mzazi na mtoto hawaadhibiwi. Hilo naliunga mkono, mzigo aubebe anayevuna faida. Lakini gemu za mtandaoni zimeachwa nje, na kwangu mtu aliingilia huko huko.

Siku hizi simu zote zinalala sebuleni, yangu ikiwemo (hilo lilinishinda wiki ya kwanza, na binti alinicheka). Juzi akaja mwenyewe: "Mama, huyu ananiuliza nasoma shule gani." Nikamuuliza tufanyeje. Alishapiga picha ya skrini.